Mwanao amekutwa na bangi bwenini: usikimbilie kumhamisha

Pole sana dada. Umesema mwanao wa kidato cha tatu amekutwa na misokoto miwili ya bangi kwenye tranka lake, amesimamishwa wiki mbili, nawe umeitwa mbele ya bodi ya shule. Unauliza kama umhamishe kimyakimya kabla hawajamfukuza. Usimhamishe. Atahama na tatizo lake.

Nimekuwa mwalimu wa malezi miaka mingi. Kuna kijana tulimchapa, tukamsimamisha, akarudi na chupa ya maji iliyojaa pombe kali. Hakuna aliyekuwa amemuuliza alianza lini wala kwa nini. Nilipokaa naye chini ya mwembe, akaniambia huku akichimba udongo kwa kidole, "Mwalimu, bila hiyo sipati usingizi." Mama yake alifariki likizo iliyopita, sisi hatukujua. Linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo hizi wiki mbili zitumie. Zungumza naye mkiwa wawili tu, siyo sebule imejaa wajomba. Piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize ushauri nasaha unapatikana wapi karibu nawe. Ukipata barua ya mshauri au daktari, nenda nayo kwenye bodi, uombe arudi darasani akiwa chini ya uangalizi wa mwalimu wa malezi, waonane kila wiki.

Na waulize, kwa heshima lakini bila woga, bangi inaingiaje bwenini. Aliyemuuzia yupo, na watoto wengine bado wanalala humo.