Kumpata mshauri wa kodi anayejua kazi yake ukiwa unafanya kazi nje

Mkuu, umesema umehamishiwa kazi nje, mshahara unalipwa huko ulikohamia, nyumba uliyoiacha umeipangisha, na kila mshauri wa kodi unayempata anakuambia "tuma nyaraka nikuangalizie". Nimepita hapo. Nilihama Uingereza kwenda Ujerumani katikati ya mwaka, huku nyuma nikiwa nimeacha nyumba yenye mpangaji, kwa hiyo mifano yangu mingi itatoka nchi hizo mbili. Kama zako ni nyingine, badilisha majina tu. Namna ya kumsaka mtu na kumpima ni ileile.

Kwanza, elewa kwamba tatizo lako liko pale sheria za nchi mbili zinapogongana. Mhasibu mahiri wa nchi moja anaweza kukujazia ritani ya nchi yake bila kosa hata moja, na bado ukalipishwa mara mbili kwa sababu ule mkataba wa nchi hizo mbili wa kuepuka kutoza kodi mara mbili hakuufungua kabisa. Ndiyo maana ukimpigia mtu, usianze kumuuliza ana uzoefu wa miaka mingapi. Muulize mara ya mwisho alishughulikia lini mtu aliyehama kutoka nchi ile kuja hii, na ni vifungu gani vya mkataba vilivyotumika. Anayejua atakujibu papo hapo, tena kwa raha. Asiyejua atarudi kwenye "tuma nyaraka".

Je, umchukue mmoja au wawili? Zipo kampuni kubwa zenye ofisi kila mahali, na ukiwa na hisa, biashara na familia iliyotawanyika nchi tatu, huenda huna namna. Kwa mwajiriwa mwenye nyumba moja, mimi nasimama na wawili: mmoja mwenye sifa upande huu, mwingine upande ule, na wote wakubali tangu mwanzo kuandikiana barua pepe ambazo na wewe nakala inakufikia. Hilo la kukubali kuandikiana lipate jibu kabla hujalipa chochote. Wapo wanaokataa katakata kuongea na mwenzao wa nchi nyingine, eti kila mtu na eneo lake, na hapo wewe unageuka tarishi wa mambo usiyoyaelewa.

Sasa sifa. Hapa nchi zinatofautiana sana na wengi huingia mtegoni. Ujerumani, jina Steuerberater (mshauri wa kodi kwa Kijerumani) linalindwa na sheria: huwezi kujiita hivyo bila kuidhinishwa na kusajiliwa, kwa kawaida baada ya kufaulu mtihani wa serikali, na rejista yao iko wazi mtandaoni, unaandika jina unaona. Uingereza ni kinyume chake, mtu yeyote anaweza kuandika "mshauri wa kodi" mlangoni kwake. Huko ukitaka uhakika, tafuta mwanachama wa Chartered Institute of Taxation au wa chama cha wahasibu kinachotambulika, na umtafute kwenye orodha ya chama chenyewe. Ile nembo aliyoibandika chini ya barua pepe haitoshi. Marekani kuna makundi matatu yenye haki kamili ya kukuwakilisha mbele ya IRS, yaani mamlaka ya kodi ya huko: mawakili, wahasibu wa CPA wanaopewa leseni na majimbo, na wale wanaoitwa enrolled agent wanaopewa leseni na IRS yenyewe. Kuna namba inaitwa PTIN ambayo kila anayelipwa kuandaa ritani lazima awe nayo, na watu huitangaza kana kwamba ni shahada. Ni namba ya usajili tu. Ukiambiwa "nina PTIN", sema vizuri, halafu uulize leseni. IRS wana orodha ya bure ya kutafutia hao wenye leseni, na inakuwezesha kutafuta hata walioko nje ya Marekani.

Ubalozi nao mara nyingine huwa na orodha ya mawakili na wahasibu. Itumie kupata majina, lakini ubalozi haumdhamini mtu yeyote kwenye orodha hiyo, na huwa wanaandika hivyo kabisa. Majina ya wafanyakazi wenzako yana thamani zaidi ikiwa hali yao inafanana na yako. Mwenzako ambaye hajaoa na hana nyumba anaweza kumsifia mshauri ambaye kwako angekwama.

Kupima ndiko kwenye kazi. Yule niliyemchukua upande wa Ujerumani, mazungumzo ya kwanza hakutaja bei wala fomu. Alianza hivi: funguo za nyumba ya Uingereza anazo nani? Mpangaji ana mkataba wa muda gani, na unaweza kumtoa ukitaka kurudi? Familia ilihama siku moja na wewe au ilikuja baadaye? Samani ziko wapi? Nilidhani ananichimba bure. Kumbe alikuwa anapita hatua kwa hatua kwenye kifungu cha 4 cha mkataba wa mfano wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), ambao mikataba mingi duniani imeufuata: nchi mbili zikikudai wewe ni mkaazi wao kwa ajili ya kodi, wanaangalia kwanza nyumba ya kudumu iko wapi, kisha maisha yako na uchumi wako vimeegemea wapi zaidi, kisha unakaa wapi kwa kawaida, kisha uraia, na vyote vikishindwa mamlaka za nchi hizo mbili zinakaa kukubaliana. Nyumba yenye mpangaji wa mkataba mrefu haihesabiki sawa na nyumba ambayo umeifunga na ufunguo uko mfukoni.

Mwingine niliyempigia kabla yake alimaliza suala zima kwa sentensi moja: "Hesabu siku 183, ukizipita ni mkaazi wa huku, basi." Ukisikia hivyo, aga kwa adabu. Siku 183 zipo, lakini kwenye mikataba zinakaa kifungu cha 15, kinachohusu mshahara wa mtu aliyekwenda kufanya kazi kwa muda nchi asiyo mkaazi wake, na hazisimami peke yake: mwajiri anayekulipa asiwe mkaazi wa nchi hiyo, na gharama ya mshahara isibebwe na tawi lake lililoko huko. Masharti yote matatu kwa pamoja. Kuhusu ukaazi wenyewe, kila nchi ina kipimo chake. Uingereza tangu Aprili 2013 wana kipimo ambacho mtu aliyekuwa mkaazi mwaka wowote kati ya mitatu iliyopita anaweza kuhesabiwa mkaazi hata kwa siku 16 tu, akiwa na mafungamano manne na nchi hiyo. Ujerumani, kuwa na makazi unayoweza kuyatumia wakati wowote kunaweza kutosha. Mshauri anayekupa jibu moja la nchi zote hajakushauri.

Mfano mwingine wa tofauti kati ya anayejua na anayebahatisha: slipu za mshahara za Uingereza, za miezi kabla sijahama. Nilishangaa Steuerberater anazitaka za nini, na mapato yale yalishakatwa kodi kule. Akanieleza kwamba Ujerumani haitozi kodi mapato hayo, ila inayahesabu katika kutafuta kiwango cha asilimia kitakachotozwa mshahara wa miezi ya Ujerumani. Kwa hiyo kiwango kinapanda. Mtu asiyejua hili anakujazia ritani safi, unafurahia marejesho, halafu mamlaka inakuja kuuliza ulikuwa wapi kuanzia Januari.

Na upande wa Uingereza usiachwe. Mapato ya pango kwa kawaida hutozwa kodi nchi nyumba ilipo, halafu nchi unayoishi inakupa nafuu kwa njia iliyoandikwa kwenye mkataba. Uingereza wana utaratibu maalumu kwa mwenye nyumba anayeishi nje zaidi ya miezi sita: wakala anayekukusanyia pango anatakiwa kukukata kodi ya kiwango cha msingi kabla ya kukutumia hela, isipokuwa HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, wakikuidhinishia upokee yote na kutangaza mapato hayo mwenyewe kwenye ritani. Maombi yanaitwa NRL1. Mshauri wangu wa kule aliniuliza kuhusu NRL1 kabla sijamwambia habari za wakala, na hapo nikajua nimefika. Muulize wako kitu kinacholingana na hicho katika nchi uliyotoka.

Umegusia kwamba mwajiri amekupa mshauri wa bure. Mpokee, lakini uliza mteja wake ni nani. Anayelipa bili ni kampuni, na mara nyingi kazi yake inaishia kwenye mshahara tu, nyumba yako haimo. Zipo pia kampuni zinazosawazisha kodi: zinakukata kiasi ambacho ungelipa ungebaki ulikotoka, kisha zenyewe zinalipa kodi halisi pande zote mbili. Mpango wenyewe si mbaya, ila hapo marejesho yakija ni ya kampuni, hata kama yameingia kwenye akaunti yako. Omba sera hiyo kwa maandishi. Na pale ambapo maslahi yako na ya mwajiri yanaachana, lipa saa moja ya mshauri wako mwenyewe.

Kwa wenye uraia wa Marekani au kadi ya kijani, hali ni nyingine kabisa: kwa kawaida mnatakiwa kujaza ritani popote mlipo duniani, hata kama hakuna kodi ya kulipa. Anayeishi nje anapata muda hadi 15 Juni bila kuomba, lakini riba ya kodi inayodaiwa inaanza kuhesabiwa Aprili. Na akaunti za nje zikifika jumla ya zaidi ya dola 10,000 hata siku moja tu ndani ya mwaka, kuna taarifa tofauti ya kupeleka, FBAR. Usimpe mhasibu wa kawaida wa nchi unayoishi kazi hiyo hata kama ni rafiki. Mifuko ya uwekezaji ya kawaida kabisa huko uliko inaweza kuwa balaa kwenye ritani ya Marekani.

Dalili za kukimbia ni chache na ziko wazi. Anayetaka asilimia ya marejesho. Anayekuandalia ritani halafu hataki kuitia saini kama mwandaaji. Anayetaka marejesho yapitie akaunti yake. Na yule anayekunong'oneza kwamba akaunti ya nje usiitaje, hawatajua. Tangu 2017 zaidi ya nchi na maeneo 100 yamekuwa yakiingia hatua kwa hatua kwenye utaratibu wa kupeana taarifa za akaunti za benki kila mwaka, kwa hiyo watajua. Mzuri atakupa barua ya makubaliano inayosema atafanya nini na hatafanya nini, atakuonyesha bima yake ya dhima ya kitaaluma, na atakuomba idhini ya kuongea na mamlaka kwa niaba yako. Idhini hiyo isome. Iwe ya kodi na miaka inayohusika tu.

Bei: omba bei ya jumla kwa ritani na bei ya saa kwa ushauri, zitenganishwe. Ujerumani ada za Steuerberater zina kanuni ya serikali, kwa hiyo muulize anatumia jedwali gani la ada na anaihesabu juu ya thamani gani. Mwaka wa kuhama ndio wa gharama, inayofuata ukiielewa unaweza kujaza mwenyewe. Tafuta mtu mapema, ikiwezekana kabla hujapanda ndege, maana tarehe ya kuondoka na tarehe ya mkataba wa mpangaji zinaweza kupangwa, na zikishapita zimepita. Na kumbuka miaka ya kodi hailingani: Ujerumani ni Januari hadi Desemba, Uingereza inaanza 6 Aprili. Wape washauri wote wawili jedwali moja la tarehe zako za kuingia na kutoka, na nakala ya tiketi.

Ukiweza, taja hapa nchi zako mbili na mwezi uliohama, bila kutaja mshahara wala jina la mwajiri. Wapo humu waliopita njia hiyohiyo na watakuambia maswali ya kumbana nayo mshauri wa huko.