Unataka ubunge 2030? Anza kuhesabu 2027

Toka mchakato wa 2025 uishe napigiwa sana simu na vijana wa huku Tabora, wengine wa Urambo, wengine wa Sikonge, mmoja wa Igunga, wote maneno yao yanafanana: kaka mi 2030 naingia, nishauri. Nikimuuliza umeshaanza na nini ananiambia nimefungua peji, nina magrupu matatu ya WhatsApp, na kuna mtu ananitengenezea poster. Roho inaniuma kwa kweli, maana na sisi tulianzia hapohapo, na tulikoishia nakukumbuka kama jana.

Mama yangu mdogo alikuwa mwalimu zaidi ya miaka thelathini, tarafa nzima inamjua, ukienda gulioni na yeye hamtembei hatua kumi bila mtu kumwamkia shikamoo mwalimu. Alipostaafu akaona shule zinavyohangaika na madawati, akaona wakulima wa tumbaku wanavyokaa miezi wakisubiri hela zao, akasema 2020 anagombea ubunge kupitia chama chetu, CCM. Jimbo sitalitaja. Mimi ndo nikawa mratibu wake, kazi ambayo sikuijua hata kidogo ila kwa sababu nilikuwa na simu nzuri na najua kuongea, familia ikaona natosha.

Mwaka ule fomu zilichukuliwa kuanzia tarehe 14 mpaka 17 Julai, kura za maoni, yaani zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, zikawa tarehe 20 na 21. Hesabu mwenyewe hizo siku. Sisi muda wote huo tulikuwa mjini, tunaongea na watu wa mjini, magrupu yetu yalikuwa yamejaa mpaka 256 na kila ukiweka picha ya mama watu wanajibu mama tuko na wewe, mama jimbo lako, na mimi nikawa nahesabu zile meseji kama kura. Kumbe kwenye magrupu yote matatu sikuwa na mjumbe hata mmoja, yaani mtu wa chama mwenye haki ya kupiga hizo kura za maoni. Nilikuja kuligundua hilo baadaye nikiwa nimekaa na daftari, jina kwa jina.

Kosa letu lilikuwa hili. Kwenye CCM mwaka 2010 na 2015 kura za maoni zilipigwa na wanachama wote wenye kadi, kila mtu kwenye tawi lake. Mama alikuwa na hiyo picha kichwani, na kwa picha hiyo kweli angetisha, maana wanafunzi wake wamejaa kila kijiji. Lakini 2020 mambo yakarudi kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa jimbo, yaani watu mia kadhaa tu kwa jimbo zima. Tulikuwa tunajua, tulisikia redioni kama watu wote, ila hatukukaa chini tukajiuliza maana yake kwetu ni nini. Kama wanaopiga kura ni mia nne na ushee, basi uchaguzi wako ni wa watu mia nne na ushee, na kila saa unayokaa na mtu wa mia tano ambaye si mjumbe umeitoa kwa mtu ambaye hana karatasi ya kupigia.

Siku ya kura mtia nia anapewa dakika chache anajieleza, anaomba kura, anakaa. Mama aliongea vizuri kuliko wote, hilo nalisema mbele ya yeyote. Jioni wakaanza kuhesabu. Karatasi zinapangwa mafungu mafungu mezani, kila mtia nia na fungu lake, na mimi nilikuwa nachungulia dirishani kwenye nondo. Kuna mafungu yalikuwa yanapanda, unaona kabisa yule jamaa anayeweka anaanza kuyanyoosha kwa viganja yasimwagike, na fungu la mama lilikuwa pembeni karibu na jagi la maji, jembamba, naweza kulihesabu kutoka pale nje. Kura kumi na moja. Wa kwanza alikuwa na mia moja na kitu, na watia nia jumla walikuwa zaidi ya ishirini. Mama alitoka taratibu akanishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hata yule anayehesabu nimemfundisha mimi." Hakusema kingine mpaka tunafika nyumbani.

Mwaka ule ndo ule msemo wa wajumbe sio watu wazuri ulivuma nchi nzima. Wapo watia nia waliopata kura moja, wapo waliopata sifuri kabisa. Na mimi niliusema huo msemo, tena kwa hasira. Leo siusemi tena, na ngoja nieleze kwa nini.

Wiki kama tatu baadaye nilienda kijiji kimoja mbali huko kumrudishia mtu pikipiki, nikamkuta bibi mmoja ambaye alikuwa mjumbe. Amekaa nje ya bani la kukaushia tumbaku, anapanga majani, madaraja madaraja. Nikamwamkia, akanikaribisha michembe na chai, halafu nikamuuliza moja kwa moja, bibi, kwa nini mlimnyima mwalimu? Hakuona aibu wala nini. Akasema, "Mjukuu wangu, mwalimu namheshimu, lakini mimi nimechaguliwa ujumbe miaka mitatu iliyopita na hamjawahi kufika hapa. Yule niliyempa alikuja kwenye msiba wa mume wangu, na alikuwa hagombei chochote." Nikakaa kimya. Maneno yale nimeyabeba mpaka leo, na kila ninachokushauri hapa kimetoka kwenye ile sentensi yake ya kwanza: nimechaguliwa ujumbe miaka mitatu iliyopita.

Maana angalia. Uchaguzi wa ndani wa chama unafanyika kila baada ya miaka mitano, ulikuwepo 2017, ukaja 2022, na kwa mpangilio huo unaofuata ni 2027. Huko ndo wanapopatikana viongozi wa mashina, wa matawi, wa kata, wa jumuiya za wanawake, vijana na wazazi. Hao hao ndo wanaokuja kukupigia au kukunyima kura ya maoni miaka mitatu mbele. Kwa hiyo mtu anayekuja kushtuka Juni ya mwaka wa uchaguzi anakuta meza imeshapangwa, wenzake walishajua nani ni nani toka siku anachaguliwa, wengine hata walimshawishi achukue fomu ya uenyekiti wa tawi. Na mbunge aliyepo ndo kabisa, yeye vikao vya chama anaingia kwa nafasi yake, wajumbe anawajua majina, anajua mtoto wa nani kafeli na nani anaumwa, na ana miaka mitano ya kuonekana. Sio kwamba hatoki, anatoka, tumeona wabunge wengi wanaanguka kwenye kura za maoni, ila anaangushwa na mtu aliyekuwa naye kwenye vile vikao, mara chache sana na mgeni.

Halafu kanuni zinabadilika, hili liandike mahali. 2025 haikuwa kama 2020. Safari hii Kamati Kuu ilichuja kwanza majina Dodoma mwishoni mwa Julai, halafu waliobaki ndo wakapelekwa kwa wajumbe tarehe 4 Agosti, na kundi la wapiga kura likapanuliwa mpaka kwenye matawi, hivyo kura za mtu mmoja zikawa zinasomwa kwa maelfu wakati miaka mitano nyuma mia moja ilikuwa inakupa ushindi. Hata idadi ya majina yanayorudi jimboni kupigiwa kura ilibadilishwa dakika za mwisho, mkutano mkuu maalumu ulikaa kwa njia ya mtandao tarehe 26 Julai kurekebisha katiba ili yaweze kurudi zaidi ya matatu. Sasa mtu aliyejipanga kwa kanuni za 2020 alikuwa anapigana vita iliyokwisha. Fomu nayo 2020 ilikuwa laki moja, 2025 ikawa laki tano. 2020 waliojitosa walizidi elfu kumi nchi nzima ukijumlisha na viti maalum, 2025 walioomba majimbo walikuwa 4,109 kwa majimbo 272, ambayo ni kama watu kumi na tano kwa kiti kimoja. Bado ni msongamano, na kwenye msongamano huo huhitaji nusu ya kura ushinde, unahitaji tu kumzidi wa pili, ndo maana mtu mwenye kata tatu zinazomwamini kabisa anamshinda mtu anayependwa kidogo kidogo jimbo zima. Mama alikuwa anapendwa kidogo kidogo jimbo zima.

Kingine ambacho vijana hawataki kukisikia: kura za maoni ni maoni. Ukiongoza bado hujateuliwa. Sisi watu wa Tabora tunapaswa kulijua hili kuliko wote kwa sababu ya Nzega 2010. Hussein Bashe aliongoza kura za maoni pale, Lucas Selelii akawa wa pili, Hamisi Kigwangalla wa tatu, na vikao vya juu vikaja na jina la Kigwangalla, Bashe akaenguliwa kwa hoja ya uraia. Watu walilia. Bashe hakuhama, alikaa, 2015 Nzega ikagawanywa akapata Nzega Mjini na Kigwangalla akaendelea Nzega Vijijini, na baadaye wote wawili wamekuwa mawaziri. Mi huwa nawaambia wanaonipigia simu, jiulize kabla: jina lako likikatwa ukiwa wa kwanza, utafanya nini kesho yake asubuhi? Kama jibu huna, hujawa tayari. Na huu utaratibu wa hatua mbili sio wa jana, hata 1965 wakati wa chama kimoja mkutano wa wilaya wa TANU ulikuwa unapiga kura zake, halafu Halmashauri Kuu ndo inachagua wawili wa kuwapeleka kwa wananchi, mmoja anapewa alama ya jembe mwingine nyumba. Ila mwaka ule wananchi walipata neno la mwisho hasa, mpaka Paul Bomani akiwa waziri wa fedha akashindwa.

Usifikiri ushauri huu ni wa kila mkoa. Huku kwetu majimbo mengi ukipita ndani ya chama umeshafika, ukiacha mara chache kama Kaliua 2015 alipopita Magdalena Sakaya wa CUF, kwa hiyo nguvu zote zinaishia kwenye kura za maoni na makovu yake ni makubwa. Ukipanda treni ukaenda Kigoma ni habari nyingine. 2010 mkoa ule majimbo matano kati ya manane yalikwenda upinzani, NCCR-Mageuzi peke yake manne, Kafulila, Machali, Mkosamali na Buyogera, na Zitto Kabwe wa CHADEMA Kigoma Kaskazini. Huko mtu anayeshinda ndani kwa kuwakanyaga wenzake anaweza kuwahitaji wenzake haohao Oktoba. Rafiki yangu wa Kasulu aliniambia kwao mshindi wa kura za maoni usiku uleule anaanza kuzunguka nyumba za walioshindwa. Sisi huku hatufanyi, na tunakosea.

Hela. Hapa nitasema bila kuzunguka. 2020 alikuja jamaa akatuambia wajumbe wa kata nne anao mkononi, anahitaji laki sita ya nauli zao. Tukampa. Ilikuwa hela ya mafao ya mama. Baadaye nilipowauliza wajumbe wa zile kata hakuna aliyeona hata shilingi, na wengi hata hawamjui. Hawa madalali wa kura wapo kila jimbo na wanawala sana watia nia wageni, kwa sababu mgeni hana pa kuhakikisha. Na hata kama ile hela ingefika ilikuwa kosa, tuliingia kwenye kitu ambacho sheria inakataza, nakiri hilo. Takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, ilifutwa na Mahakama Kuu toka 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa mpaka mchakato wa ndani ya vyama, na TAKUKURU kipindi kile wanakuwa macho. Usiuze ng'ombe, usiuze kiwanja, usikope. Kama unachotegemea ni bahasha, mwenye bahasha nene kuliko wewe yupo na anatoka Dar.

2025 mama hakutaka kugombea tena. Nilimsaidia jirani yetu kwenye udiwani, mtu wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mkimya, na huyu tulianza 2021. Hatukufanya kitu kikubwa. Uchaguzi wa ndani wa 2022 ulipoisha tulikaa tukaandika kila aliyechaguliwa kwenye kata yetu, tukawatembelea wote ndani ya miezi sita bila kuomba chochote, na baada ya hapo akawa anakwenda tu kwenye misiba, mikutano ya shule, foleni ya mbolea. Alikuwa wa pili, kazidiwa kura kumi na tisa. Hana deni la mtu yeyote, na aliyemshinda kamuita wasaidiane suala la kisima cha shule. Mwezi wa kwanza mwaka 2027 tunaanza kuandika upya.

Lile daftari analo mama mdogo sasa, amelifunika kwa kaki kama madaftari ya wanafunzi wake. Ukurasa wa kwanza ni yule bibi wa tumbaku, mwandiko wa mama, kijiji, tawi, tarehe aliyofiwa na mumewe, na pembeni kaandika kwamba namba ya simu ni ya mjukuu wake, apigiwe jioni akishatoka bani.