Maumivu ya katikati ya mzunguko: hesabu kurudi nyuma

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni maumivu ya chini ya tumbo yanayokuja katikati ya mzunguko wa hedhi: yanatoka wapi, na tunayatulizaje?

Mimi ninayapata, na dada yeyote akiniuliza humwambia kwanza aandike tarehe. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo hesabu huenda kinyumenyume. Mwenye mzunguko wa siku 28 atayasikia karibu na siku ya 14. Mwenye siku 35, karibu na ya 21. Wengi huingiwa na hofu bure kwa kuwa waliambiwa siku ya 14 ni ya kila mwanamke.

Kifuko kilichobeba yai huvimba kwenye ovari moja, yaani kiungo kinachotoa mayai, hadi kufikia sentimita 2 hivi, kisha hupasuka. Majimaji na damu kidogo humwagika na kuuchokoza utando wa ndani wa tumbo. Ndiyo maana huuma upande mmoja, mwezi huu kulia, mwezi mwingine kushoto, au upande uleule mfululizo. Mimi hushtuliwa na mchomo nikiinama kufunga viatu, halafu hubaki uchungu mzito hadi jioni. Siku hizo ute wa ukeni nao huwa mwingi, unateleza na kuvutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Nikiuona, moyo hutulia.

Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo hunitosha, mara chache naongeza parasetamoli. Ibuprofeni pia husaidia, ukiwa umekula, ila anayetafuta mtoto amuulize daktari kwanza: dawa za jamii hiyo zaweza kuzuia kifuko kisipasuke. Anayeteseka kila mwezi azungumze na daktari kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, maana vingi huzuia yai lisitoke kabisa.

Lakini inaniuma sana mwanamke anapoambiwa avumilie tu. Maumivu yakipita siku mbili tatu, au yakija na homa, kutapika au uchafu wenye harufu mbaya ukeni, si ya yai tena. Upande wa kulia huenda ni kidole tumbo. Na kama hedhi imechelewa, tumbo linauma upande mmoja na unahisi kizunguzungu, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi. Nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje kukuche.