Nadine, kuhusu moyo wa Patrick

Mwanangu Nadine,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma. Patrick amelazwa huko Brussels, damu imevujia kwenye ubongo, na madaktari wanahofu kwamba ubongo wote umeshakufa. Unauliza: "Mama, moyo unapiga, mkono una joto, kifua kinapanda na kushuka. Watajuaje?" Mjomba wako hapa Katuba, Lubumbashi, ananiuliza hilohilo, na amewakatalia majirani waliokuja kupanga viti vya kilio. Ana haki. Nakujibu kama muuguzi niliyezeekea chumba cha wagonjwa mahututi, na kama shangazi yake Patrick.

Moyo una umeme wake wenyewe. Ukipata oksijeni unapiga, hata ubongo ukinyamaza. Kupumua ndiko kunakotegemea shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Kwetu, pasipo na mashini, pumzi ikikatika moyo hufuata upesi, ndiyo maana wengi hawajawahi kuona hali ya Patrick. Madaktari wawili Wafaransa, Mollaret na Goulon, waliieleza mwaka 1959, mashini za kupumulia zilipokwisha kuenea hospitalini.

Kabla ya kupima chochote, madaktari wanapaswa kuondoa kila kitu kinachoweza kuiga kifo. Chanzo lazima kijulikane na kionekane kwenye picha za skana. Mwili usiwe wa baridi: nyuzi 36 au zaidi. Presha iwe imeshikwa vizuri. Dawa za usingizi, za kulegeza misuli, pombe, sukari na chumvi za damu, vyote vikaguliwe. Hapa usione haya kuuliza, mwanangu. Waulize: dawa ya usingizi ya mwisho alipewa lini?

Ndipo wanampima. Wanamminya kwa nguvu kwenye mfupa ulio juu ya jicho na kwenye kucha, wanatazama kama uso utakunja. Wanamulika mboni kwa tochi. Mboni hai husinyaa. Wanagusa jicho kwa pamba, wanageuza kichwa, wanamimina maji ya barafu sikioni na kungoja kama macho yatasogea. Wanapitisha mrija mwembamba hadi kwenye njia ya hewa. Hata mgonjwa aliyezimia sana mara nyingi hukohoa. Jibu moja tu likipatikana, hata dogo, hawaruhusiwi kusema amekufa.

Kipimo kizito kuliko vyote ni cha pumzi. Wanamjaza oksijeni safi, kisha wanamtoa kwenye mashini huku oksijeni ikiendelea kuingia kwa mrija, ili moyo usidhurike. Kifua na tumbo vinafunuliwa, na watu wanasimama kukitazama kifua, mara nyingi dakika 8 hadi 10. Kaboni dioksidi inapanda kwenye damu, na hakuna kitu kinachosukuma mwili kuvuta pumzi kama hiyo. Wanachukua damu kuthibitisha: shinikizo la kaboni dioksidi hiyo likifika milimita 60 za zebaki, na limepanda 20 juu ya pale alipoanzia, bila kifua kutikisika hata kidogo, shina la ubongo halifanyi kazi tena. Akivuta pumzi moja, wanasimamisha kipimo na kumrudisha kwenye mashini. Presha ikianguka katikati, wanakatiza pia, na wanaweza kupima kama damu bado inafika ndani ya ubongo.

Jambo moja likuandae: mkono unaweza kuinuka, vidole vikacheza. Hayo hutoka kwenye uti wa mgongo, si kwenye ubongo. Nimeona mama mzazi akipiga kelele za furaha kwa ajili ya kidole, na hakuna aliyekuwa amemweleza mapema.

Kuhusu hofu ya mjomba wako kwamba wanamharakisha ili wachukue viungo vyake: kwa sheria ya Ubelgiji ya mwaka 1986, viungo haviguswi mpaka madaktari watatu wathibitishe kifo, na kati yao asiwemo anayemtibu atakayepokea kiungo wala atakayefanya upasuaji huo.

Omba wakuruhusu kusimama chumbani wakati wa kipimo cha pumzi. Baadhi ya hospitali hukubali. Ukiona mwenyewe, mpigie mjomba wako, umweleze ulichokiona kifuani, pole pole, kwa Kiswahili. Viti nitavizuia mpaka azungumze na wewe.

Mama yako
Lubumbashi