Jibu: Mihadhara ya sanaa na kufahamiana na watu ukiwa Kisumu

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanafunzi wa historia ya sanaa aliye Kisumu ni lazima apande basi hadi Nairobi ndipo akutane na watu wa fani. Hapana. Anzia Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa 1980. Ndani mna Ber-gi-dala, boma kamili la Kiluo. Nenda asubuhi kabla makundi ya shule hayajafika, uwaulize watunzaji vyungu hufinyangwaje na kila kimoja kina kazi gani. Nusu saa hiyo naithamini kuliko kadi kumi za kujitambulisha. Halafu fika Tabaka, Kisii, kwa wachongaji wa mawe ya sabuni. Beba daftari, na ununue hata kikombe kidogo. Usichukue muda wao bure.

Ukienda mhadharani, usitoke mbio ukiisha. Kuwa na swali moja kuhusu kazi uliyoiona, si "nitapataje ajira?" Kesho yake mwandikie mzungumzaji mistari mitatu ya shukrani.

Nauli ya Nairobi ikipatikana, tembelea Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage. Ila nakusihi, usiache ya nyumbani kwanza.