Kabla hujagusa ovari

Wadogo zangu mnaoanza staji kwenye upasuaji wa kina mama hapa Bukavu, kuna jambo nililielewa kwa kuchelewa, na kuna mama aliyelipia.

Nilipokuwa mgeni kazini, kila mwanamke mwenye kansa ya mji wa mimba tulimtoa mji, mirija na ovari zote mbili, yaani viungo vinavyotengeneza mayai ya uzazi. Ndivyo tulivyofundishwa, nami sikuuliza. Kisha akarudi kuangaliwa mama wa miaka 38, muuzaji wa sambaza, wale samaki wadogo, mtaani Kadutu, miezi minne baada ya upasuaji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, sote tumevaa sweta. Yeye kitenge amekilegeza shingoni, jasho linamtoka, anajipepea kwa fishi yake, karatasi ya matibabu. «Dokta, hii moto inanipandaka usiku yote. Itaisha lini?»

Kansa yake ilikuwa endometrioidi, aina ya kawaida inayoanzia utando wa ndani wa mji wa mimba, daraja la 1, yaani isiyo kali, imegusa misuli ya mji juu juu tu. Ovari zilikuwa nzima. Kwa kuzitoa, tulimfanya mzee kwa siku moja.

Wengi, hata wenzetu, hudhani ovari bila mji wa mimba haina kazi. Estrojeni yake, homoni ya kike, hulinda mifupa na moyo mpaka karibu miaka 50. Hofu ya kuiacha ina msingi: estrojeni hulisha kansa hii, na ovari yenyewe inaweza kuficha kansa. Lakini utafiti wa Marekani uliotoka 2009 uliangalia wanawake 3,269 wasiozidi miaka 45, wote hatua ya kwanza, yaani kansa haijatoka nje ya mji wa mimba. Kati yao 402 waliachiwa ovari, na haikuonekana kwamba hilo liliwapunguzia maisha. Miongozo ya Ulaya nayo inaruhusu kufikiria kuziacha kama mgonjwa hajafika miaka 45, hedhi haijakoma, daraja ni la chini, kansa haijavuka nusu ya unene wa misuli, na ovari hazina dalili yoyote. Mirija hutolewa vilevile.

Panapotaka subira ni habari za ukoo. Ukiuliza «kuna kansa nyumbani?» utajibiwa hapana. Uliza nani alikufa kijana, alilalamikia nini, alitoka damu wapi. «Shangazi alikufa kwa tumbo» inaweza kuwa utumbo mpana, inaweza kuwa ovari. Ukoo wenye kansa za utumbo mpana na mji wa mimba, au za titi na ovari, unaweza kuwa na ugonjwa wa kurithi; hapo usiahidi kuacha ovari.

Tumbo likiwa wazi, shika kila ovari, igeuze pande zote, tafuta uvimbe au vinyama juu yake. Mji wa mimba ukishatoka, usiutupe moja kwa moja kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama. Upasueni kwa urefu palepale, muone kansa imeingia kiasi gani, kabla ya kufunga tumbo. Jibu kamili la anapati, maabara inayopima nyama kwa darubini, huja baadaye, na likiwa baya huenda akarudi kupasuliwa. Mwambie hayo mapema.

Mazungumzo haya fanyeni siku chache kabla, mmekaa, akiwa na mtu wake. Msingoje yuko kwenye kitanda cha kusukuma, amevuliwa hereni. Kisha alichochagua kiandikeni kwenye fishi kwa maneno yake mwenyewe, maana atakayeshika kisu asubuhi huenda si aliyeongea naye.