Muulize Mwalimu: Lamu tu wachache, kura yetu yafaa nini?

SWALI: Salaam aleikum mwalimu. Juzi barazani hapa Langoni mzee mmoja katuambia ati 1992 wapinzani wakijumlishwa walimshinda Moi kwa kura lakini Moi ndo akawa rais, mimi nikaona yuachanganya mambo. Yawezekana kweli? Na sisi Lamu tulivyo wachache, hao wakubwa wa Nairobi kura zetu wazitakia nini? – Msomaji, Lamu

JIBU: Wa aleikum salaam mwanangu. Mzee hakuchanganya kitu. Moi alipata kama asilimia 36, zilobaki wakagawana kina Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga, na sheria ya wakati ule haikutaka nusu ya kura, ilitaka uongoze tu na upate asilimia 25 kwenye mikoa 5 kati ya 8. Basi, kiti chako. Katiba ya 2010 ndo ikageuza hesabu, sasa lazima rais apite nusu ya kura zote na apate robo ya kura kwenye kaunti 24 kati ya 47, akikosa ni duru ya pili, ndo maana miungano yafungwa mapema na watu waliotukanana jana leo wako jukwaa moja. Si kwamba wamekua wema. 2013 Uhuru alipita na asilimia 50.07, chupuchupu.

Na hapo kwenye kaunti ndo petu, nisikize vizuri. Zamani kura zetu zilimezwa ndani ya mkoa wa Pwani, mgombea akishaipata Mombasa na Malindi hana haja ya kuvuka maji. Leo kwenye zile 24 Lamu yahesabiwa moja sawa na Nairobi, ndo wawaona wakubwa washuka Mokowe wavaa laifujaketi wapanda boti waja kutupa mkono gatini.

Seneti ndo zaidi. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920, Nairobi ni zaidi ya milioni 4, lakini mswada wa mambo ya kaunti ukipigiwa kura kila kaunti ina kura moja, wao moja sisi moja. 2020 walipovutana juu ya fomula ya kugawa pesa, wengine wakitaka idadi ya watu ipewe uzito zaidi, kaunti ndogo kama yetu zingeumia, na kwa hizo kura moja moja Seneti ikakwama wiki na wiki mpaka Septemba wakakubaliana hakuna kaunti ya kupunguziwa. Pesa hizo mwanangu ndo dawa, ndo boti ya kumtoa mama mja mzito Faza usiku wa manane, mimi hili silichukulii mzaha kabisa.

Bunge la Taifa ni mambo mengine, kule tuna watu 3 kati ya 349, hapo kweli sauti yetu ni ndogo.

Mzee msalimie sana, na umuulize na ya 1997, maana Moi alipita tena vile vile, na kama asilimia 40.